Meno ya Kupandikiza Taya Zima: Gharama Yake na Njia za Kulipa

Leo tunazungumzia meno, lakini si meno ya watoto. Tunamzungumzia mtu mzima aliyepoteza meno yote ya taya moja, au ya taya zote mbili, na familia yake ambayo imeambiwa kwamba yapo meno ya kupandikiza yanayokaa mdomoni bila kutolewa, na kwamba bei yake inakaribia shilingi milioni moja.

Bei kama hiyo huitikisa nyumba. Wengine huitisha harambee. Wengine huanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe au wa kipande cha shamba. Kabla hamjafika huko, tuketi kidogo tuelewane: ni kitu gani hasa mnachouziwa, kwa nini ni ghali, na je, ni lazima mkinunue chote?

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya madini ya titani. Daktari wa meno humtia mgonjwa ganzi, akatoboa mfupa wa taya na kuiingiza skrubu hiyo mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Mfupa hukua ukashikamana nayo. Jambo hili liligunduliwa na daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, katika miaka ya 1950, na mgonjwa wake wa kwanza wa meno alitibiwa mwaka 1965. Kwa hivyo usiogope kwamba ni kitu cha majaribio.

Wengi hudhani taya lenye meno kumi na manne linahitaji skrubu kumi na nne. La. Kwa taya zima, daktari huweka skrubu nne hadi sita, kisha safu nzima ya meno ikafungwa juu yake, kama daraja linavyokaa juu ya nguzo. Ndiyo sababu bei ya taya zima si bei ya jino moja mara kumi na nne.

Sasa bei. Katika kliniki nyingi za kibinafsi hapa Kenya, kipandikizi kimoja pamoja na jino lake hugharimu zaidi ya shilingi 100,000. Taya zima ni laki kadhaa, na mara nyingi hupita milioni moja kutegemea vifaa na kliniki. Taya mbili, basi zidisha. Ukiwa na mtoto au ndugu Marekani, huenda akakuambia umpeleke mama huko. Mwambie aulize kwanza. Kule taya moja mara nyingi ni dola 20,000 na zaidi, yaani kama shilingi milioni mbili na nusu, kabla hujahesabu tiketi ya ndege.

Kwa nini ni ghali hivyo? Skrubu zenyewe hazitengenezwi hapa kwetu. Huagizwa kutoka nchi kama Uswisi, Sweden na Korea Kusini, na dola ikipanda bei nayo hupanda. Kuna picha maalumu ya mfupa, kuna fundi wa maabara anayetengeneza meno, na kuna ujuzi wa daktari mwenyewe. Madaktari waliosomea kazi hii hawako kila kaunti. Wengi wako Nairobi, na wachache katika miji mikubwa mingine kama vile Mombasa, Kisumu na Eldoret.

Hapo ndipo familia ya mbali hukosea hesabu. Kazi hii haimalizwi kwa siku moja. Kuna siku ya kupimwa, siku ya kung'oa meno mabovu na kuweka skrubu, siku za kuangaliwa kidonda, halafu mfupa huachwa ushikamane kwa miezi mitatu hadi sita, ndipo meno ya kudumu yafungwe. Mzee akitoka Garissa au Lodwar kwenda Nairobi mara tano, tena akisindikizwa, hizo ni nauli kumi za kwenda na kumi za kurudi, na mahali pa kulala. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaofikiria kwenda India kwa sababu ya bei nafuu: utarudi tena baada ya miezi, na skrubu ikilegea ukiwa Kisii, daktari aliyeiweka yuko ng'ambo ya bahari. Mimi naona heri daktari anayefikika, hata akizidisha kidogo.

Ukipewa bei, mwombe daktari aiandike karatasini na uulize kilichomo ndani yake. Je, picha imo? Kung'oa meno kumo? Kama mfupa umepungua na unahitaji kuongezwa, hiyo ni gharama nyingine? Meno ya muda ya kuvaa wakati wa kungoja yamo? Na meno ya mwisho ni ya kitu gani? Kuna ya plastiki ngumu, ambayo ni nafuu lakini huisha na kuvunjika mapema, na kuna ya zirkonia, ambayo ni ngumu zaidi na bei yake ni juu. Kliniki mbili zinaweza kutaja bei zinazopishana kwa laki tatu, kumbe moja imehesabu meno ya muda tu. Bei ya chini iliyotangazwa kwenye bango barabarani mara nyingi ni ya skrubu peke yake, bila jino.

Mama, hapa nataka unisikilize kwa makini, maana ndipo pesa nyingi zinaweza kuokolewa. Kati ya meno ya bandia ya kawaida na meno ya kufungwa taya zima, kuna njia ya katikati ambayo familia nyingi hazielezwi.

Meno ya bandia ya kawaida, yale ya kuvaa na kuvua, ni makumi ya maelfu ya shilingi tu. Ya juu kwa kawaida hukaa vizuri, kwa sababu hufunika kaakaa na kujinyonya hapo. Shida huwa ni ya chini. Taya la chini halina kaakaa, ulimi husukuma kila wakati, na mfupa huendelea kupungua mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana utamwona mzee amevaa ya juu, na ya chini ameiweka kwenye kikombe dirishani.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, nchini Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino lolote katika taya la chini, tiba ya kwanza ya kufikiriwa iwe skrubu mbili tu, na meno ya bandia ya kubana juu yake kama vifungo vya kubana vya nguo. Meno hayo hayachezi wakati wa kula, lakini hutolewa usiku na kuoshwa. Skrubu mbili badala ya nne au sita, na taya moja badala ya mawili. Gharama hushuka sana. Kwa wazee wengi, meno ya kawaida juu na skrubu mbili chini yanatosha kabisa kutafuna githeri na nyama iliyoiva vizuri. Mwulize daktari kuhusu njia hii kwa jina lake: meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili. Akikataa, akueleze sababu. Huenda ipo.

Tuje kwenye kulipa. Bima nyingi za kibinafsi huweka vipandikizi nje ya malipo yake, au hulipia kung'oa na kuziba tu. Soma kijitabu cha bima yako sehemu ya meno. Kuhusu SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, endelea kulipa mchango wako maana utakusaidia kwa magonjwa mengine, lakini usipange bajeti ya meno haya ukiitegemea. Uliza hospitalini kabla ya kuanza, na upate jibu kwa maandishi.

Wengi basi hugeukia mkopo. Tufanye hesabu ya mfano. Umekopa shilingi 900,000 kwenye SACCO kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kulipa kwa miaka minne. Kila mwezi utalipa kama 23,700. Ukimaliza utakuwa umelipa takriban 1,137,000. Yaani umeongeza kama 237,000 juu. Je, mshahara au duka litabeba mzigo huo bila karo ya watoto kuguswa? Kama jibu ni hapana, njia ya katikati ndiyo yako. Mkopo wa simu wa mwezi mmoja usiuguse kabisa kwa kazi kama hii. Ada yake ya mwezi ikirudiwarudiwa inameza kila kitu.

Kuna faida moja katika huku kungoja kwa miezi: unaweza kulipa kwa hatua. Kliniki nyingi hukubali malipo ya skrubu sasa na ya meno baadaye. Zamu yako ya chama ipange iangukie mwezi wa meno ya mwisho. Lakini usianze hatua ya kwanza kabla hujajua pesa za hatua ya mwisho zitatoka wapi. Skrubu zilizokaa mfupani bila meno hazimsaidii mtu kula. Na ulizia pia katika hospitali za rufaa za umma na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali ambapo wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Utangoja zaidi, lakini angalau ulinganishe bei.

Daktari yeyote utakayempata, hakikisha ana leseni ya mwaka huu kutoka baraza la KMPDC. Majina yako kwenye tovuti ya baraza, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia. Mtu anayeweka meno chumba cha nyuma sokoni asiguse mfupa wa mama yako.

Siku ya kwanza nenda na dawa zote anazotumia mzazi, zikiwa kwenye pakiti zake. Kisukari kisichodhibitiwa huzuia mfupa kushikamana na skrubu. Sigara na tumbaku pia. Dawa za kuimarisha mifupa, na zingine za saratani, zinaweza kufanya kidonda cha taya kisipone. Daktari lazima ajue haya kabla hajashika kifaa, na kabla hujalipa amana.

Na jambo la mwisho, ambalo mtunzaji ndiye atakayelibeba. Meno ya kupandikiza hayatoboki, lakini ufizi unaoyazunguka huugua ukiachwa mchafu, na skrubu ikalegea. Meno ya kufungwa yanahitaji uzi au brashi ndogo ipitishwe chini yake kila siku. Mzee mwenye mikono inayotetemeka, au aliyeanza kusahau, hataweza. Wewe ndiye utakayemwinamia na tochi kila jioni. Kwa mzazi kama huyo, meno ya kuvuliwa na kuoshwa kwenye beseni ni rahisi kwenu nyote wawili, hata kama pesa za yale mengine mnazo.

Kama una swali kuhusu meno ya mzazi wako, tuandikie kupitia kituo, nasi tutalijibu wiki ijayo saa kama hizi.