Ushuru ulilea chuma cha Marekani, lakini mfanyakazi alisahauliwa

Kila tunapohubiriwa kuhusu soko huria, mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno huuliza: huria kwa nani? Historia ya viwanda vya chuma vya Marekani katika karne ya 19 yatoa jibu lisilowafurahisha wahubiri wenyewe.

Mwaka 1870 Marekani ilitoa chini ya tani 100,000 za chuma cha pua. Kufikia 1900 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka, na Uingereza, mama wa viwanda, ilikuwa imeachwa nyuma. Hapana shaka neema ya ardhi ilichangia: makaa ya mawe ya Pennsylvania na madini ya chuma ya kandokando ya Ziwa Superior. Maarifa nayo yalichangia. Mbinu ya Mwingereza Henry Bessemer, ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuunguza kaboni iliyozidi, iligeuza kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Isitoshe, njia za reli zilizokuwa zikienea kila pembe ya nchi zilikuwa mteja asiyeshiba.

Hata hivyo, soko hilo lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Sheria ya 1870 iliweka ushuru wa dola 28 kwa kila tani ya reli za chuma cha pua kutoka nje. Chini ya kivuli hicho Andrew Carnegie alifungua kiwanda chake huko Braddock, karibu na Pittsburgh, mwaka 1875.

Je, kivuli hicho kilimfaa nani? Watetezi wa ushuru walidai kuwa unalinda ujira wa mfanyakazi. Mwaka 1892, ilhali ushuru wa chuma ungalipo, kampuni ya Carnegie ilitaka kupunguza malipo katika kiwanda cha Homestead. Wafanyakazi walipokataa, walifungiwa nje. Msimamizi, Henry Clay Frick, akaleta walinzi wa kukodiwa wapatao 300. Tarehe 6 Julai risasi zikarindima, watu wa pande zote mbili wakafa, kisha wanajeshi wa jimbo wakaingia. Chama cha wafanyakazi kikavunjika nguvu na zamu za saa 12 zikaendelea. Mwaka 1901 Carnegie aliuza kampuni yake kwa dola milioni 480.

Mwaka 2018 Marekani ilitoza tena chuma cha pua kutoka nje ushuru wa asilimia 25. Basi sisi tunaotamani viwanda tusione haya kuvilinda vingali vichanga. Ila ulinzi huo uwe na masharti: anayelindwa na umma naye amlinde aliyeajiriwa naye. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Pale Homestead, aliyechuma juani hakukaribishwa kivulini.