Picha za Akilini: Watu Hawafikiri kwa Namna Moja

Namba, wakati na haki ni dhana dhahania: hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa mkono. Hata hivyo watu huzifikiria kila siku, na kila mmoja kwa namna yake. Wapo wanaoziona akilini kama picha, wapo wanaozitamka kimoyomoyo, na wapo wanaozielewa bila picha wala sauti.

Mwaka 1880, mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowataka wakumbuke meza yao ya kifungua kinywa. Baadhi walieleza rangi na mwanga kana kwamba meza iko mbele yao. Wengine, wakiwemo wanasayansi, walisema hawaoni kitu. Galton alieleza pia kwamba wapo watu ambao kila wanapofikiria namba huziona zimejipanga kwenye mstari uliopindapinda, kila moja mahali pake pasipobadilika.

Hali ya kutoona picha akilini ilipewa jina la afantasia mwaka 2015 na Adam Zeman, daktari wa mfumo wa neva katika Chuo Kikuu cha Exeter, pamoja na wenzake. Hukadiriwa kuwa watu 1 hadi 4 katika kila 100 wanayo. Wengi huwa nayo tangu utotoni. Wachache huipata baada ya ubongo kudhurika. Kinyume chake ni wale ambao picha zao za akilini hukaribia uwazi wa kitu halisi.

Kwa kawaida afantasia hupimwa kwa dodoso lenye vipengele 16, lililotungwa na David Marks mwaka 1973. Kwa kuwa majibu ya mtu kuhusu nafsi yake hayatoshi, watafiti nchini Australia walipima mboni za macho. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, mboni za watu wa kawaida zilisinyaa walipowaza kitu chenye mwanga mkali. Za wenye afantasia hazikufanya hivyo, ingawa zilisinyaa vizuri walipotazama mwanga wenyewe.

Mazingira nayo huathiri jinsi watu wanavyoufikiria wakati. Wanaosoma Kiingereza hupanga mfuatano wa matukio kuanzia kushoto kwenda kulia, na wanaosoma Kiebrania huanzia kulia. Katika jamii ya Pormpuraaw, Australia, wengi huyapanga kutoka mashariki kwenda magharibi, bila kujali wameelekea wapi.

Afantasia si ugonjwa wala upungufu wa akili. Ed Catmull, mmoja wa waasisi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, anayo. Kwa kuwa watu hawafikiri kwa namna moja, mwalimu anayefundisha kwa maneno, michoro na vitu halisi huwapa wanafunzi wote njia ya kulielewa somo. Lakini mtu aliyezoea kuona picha akilini, kisha zikatoweka ghafla, amwone daktari.