Kujinenea mema (2): Nguvu iliyomo ndani ya "niki-"

Toleo lililopita tuliishia pale mazoea yanapoota mizizi na kuwa tabia, nikaahidi kwamba leo tutazungumzia kauli ambazo mtu hujiambia mwenyewe ili abadilike. Katikati ya wiki, kijana mmoja wa bodaboda mwenye kijiwe njia ya Bombambili alinisimamisha, gazeti lile likiwa limekunjwa mfukoni mwake. Akaniamkia, kisha akasema: "Mwalimu, mwezi mzima huu nikiamka nasimama mbele ya kioo, nasema mimi ni tajiri, mimi ni mshindi. Pikipiki ni ya mkataba, na deni liko palepale. Nakosea wapi?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe muda, na tangu siku hiyo swali lake limekuwa likinifuata hadi sokoni na kanisani. Naamini jibu liko hapa hapa Songea, mwendo mfupi tu kutoka kijiweni kwake, kule Mahenge kwenye Makumbusho ya Maji Maji, ambako watoto wa shule hupelekwa kila Februari na wengi wetu watu wazima hatujarudi tangu tulipopelekwa hivyo.

Wote tunaijua habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule Umatumbi. Kuanzia mwaka 1904 watu walimwendea wakapewa dawa ya maji. Wengine waliinywa, wengine walinyunyiziwa, wakaambiwa kuwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Dawa ilikuja na miiko yake, na iliandamana na neno moja lililotamkwa kwa sauti: maji. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba ya kulazimishwa iling'olewa na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa, lakini dawa ilikuwa imekwisha kumtoka mikononi. Ilipita Ungindo ikafika huku Ungoni, kwa watawala wa Wangoni, Nkosi Chabruma na Nkosi Mputa Gama, na manduna, wakuu walio chini yao, wakaipokea.

Naomba tulitazame neno lile kwa heshima, bila ile tabia ya kuwaonea huruma wazee wetu kana kwamba walikuwa watoto. Lilifanya nini? Liliwasimamisha upande mmoja watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakivamiana, Wangoni wakiwa miongoni mwa waliokuwa wakivamia. Lilimfanya mkulima aliyezoea kuinamisha kichwa mbele ya kiboko cha akida aking'oe alichoamriwa kupanda. Huko si kujidanganya. Mtu aliyeogopa jana na leo haogopi amebadilika kweli, na neno lilikuwa mkono mmojawapo uliombadilisha.

Tarehe 30 Agosti 1905 neno hilohilo lilipelekwa Mahenge ya Ulanga (si hii Mahenge yetu ya mjini), ambako maelfu ya wapiganaji waliliendea boma lenye bunduki za rashasha. Risasi zilibaki risasi. Huku kwetu, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Ungoni walinyongwa, Nkosi Mputa akiwamo. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, naye alinyongwa. Baadaye ikaja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Ilichukua zaidi ya karne moja, hadi tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama pale Mahenge yetu ya mjini akaomba msamaha.

Neno lile lilifanya kazi kifuani mwa aliyelitamka. Kwenye mtutu wa bunduki halikuwa na kazi, kwa sababu mtutu hausikii. Ebrahim Hussein aliligusa jambo hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na nadhani ndiyo maana kazi ile haizeeki.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Deni la mkataba ni mtutu. Halisikii anachosema mbele ya kioo. Kinachoweza kumsikia ni mkono wake, miguu yake na ulimi wake, lakini hivyo hakuviambia cha kufanya. Aliviambia kwamba yeye tayari ni tajiri, na mkono wa tajiri una haraka gani ya kuweka akiba?

Wataalamu wa nafsi wamelipima jambo hili. Mfamasia wa Kifaransa Émile Coué, aliyefanya kazi mjini Nancy na kufariki mwaka 1926, aliwafundisha wagonjwa wake kurudia asubuhi na jioni kwamba kila siku hali yao inakuwa bora. Fundisho lake lilivuka bahari, na sehemu kubwa ya mahubiri ya kujinenea tunayosikia leo redioni na kwenye simu ni wajukuu wake. Coué hakuwa tapeli. Aliona kwa macho yake kwamba mgonjwa aliyekata tamaa hupona kwa taabu. Lakini mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwataka watu warudie kauli kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokwisha kujithamini walifaidika kidogo. Waliojidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wenye hali hiyohiyo ambao hawakuambiwa waseme chochote.

Sababu yake si ngumu kuiona kwa yeyote aliyewahi kulala na deni. Ukisema "mimi ni tajiri" wakati unajua kuna shilingi ngapi mfukoni, moyo hukujibu hapo hapo, na jibu lake lina ushahidi. Kila unaporudia kauli, moyo nao unarudia ushahidi. Mwisho wa mwezi aliyefanya mazoezi zaidi ni yule anayekupinga.

Gabriele Oettingen, mtafiti wa Kijerumani, aliongeza jambo lililonisumbua zaidi. Yeye na mwenzake Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Wale waliozama zaidi katika ndoto tamu za kupata kazi nzuri, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache na walikuwa wakilipwa kidogo kuliko wenzao. Ndoto ilikuwa imewapa utamu wa kufika kabla hawajaondoka nyumbani.

Je, tuache kujinenea? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoyaita haya yote upuuzi. Binadamu hujisemea mchana kutwa, atake asitake. Asipojichagulia maneno, atatumia yale aliyotupiwa utotoni: wewe mzito, wewe mvivu, wewe huna mbele wala nyuma. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona watoto wakitembea na maneno hayo hadi uzeeni. Kazi ni kuchagua kauli yenye mahali pa kushikia.

Mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba kusudio linapata nguvu likifungwa kwenye tukio: likitokea jambo fulani, mimi nitafanya jambo fulani. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hiyo na kuona kwamba inawasaidia watu kutimiza walichokusudia, tena si kwa kiasi kidogo. Kauli ikishafungwa hivyo, lile tukio lenyewe ndilo linaloamsha kitendo, na mtu hana haja ya kusubiri hamasa impande.

Nilipoisoma kazi hiyo nilifurahi kama mwalimu wa lugha. Wenzetu wanahitaji sentensi ndefu kuieleza mbinu hii, na sisi tumezaliwa nayo katika silabi moja. Angalia "-ki-". Nikiamka. Nikifika. Nikiitwa. Ndani ya neno moja Kiswahili kimeshafunga wakati, sharti na mtendaji, na kimeacha nafasi wazi inayodai kitenzi cha pili. Mtu hawezi kusema "nikiamka" akanyamaza, maana msikilizaji atamtazama mdomoni akingoja. "Mimi ni mshindi" ni sentensi iliyokwisha, haidai kitu. "Nikiamka" inadai.

Nimeshuhudia kazi ya silabi hiyo katika maisha yangu. Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na hasira. Siku moja nilimchapa mtoto kwa kosa ambalo halikuwa lake, na uso wake ninao hadi leo. Nikaanza kujiambia kila asubuhi: mimi ni mwalimu mpole. Kufikia kipindi cha pili sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Mwalimu mwenzangu mmoja, mama mtu mzima, alinikuta nimejiinamia ofisini. Hakunihubiria. Aliniuliza tu: "Mwanangu, hasira yako inaingilia wapi?"

Nilichukua siku kadhaa kujichunguza ndipo nikaona. Ilikuwa ikiingia mlangoni. Nilisikia kelele za darasa nikiwa varandani, na nilipofungua mlango nilikuwa nimeshakasirika. Basi nikaiacha kauli ya upole, nikajitungia nyingine: nikishika kitasa, navuta pumzi tatu, kisha namtafuta kwa macho mtoto mmoja na kumsalimia kwa jina lake. Sikulazimika kuamini kwamba mimi ni mpole. Nililazimika kushika kitasa tu, na kitasa nilikuwa nakishika kila siku.

Nilianza Januari, watu wakipalilia mahindi. Mahindi yalipokuwa yakivunwa, nilijikuta siku moja nimesimama mlangoni navuta pumzi bila kujikumbusha. Mkono ulikuwa umejifunza. Baadaye sana nilisoma kazi ya Phillippa Lally na wenzake wa London, iliyotoka mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 waliochagua tendo moja dogo la kufanya kila siku mahali au wakati uleule, na mtu wa katikati alihitaji siku 66 ndipo tendo lije lenyewe. Kwa wengine ilikuwa siku 18, kwa wengine makadirio yalifika 254. Anayekuahidi mabadiliko ndani ya siku 21 anakuuzia kitu.

Wala mbinu hii si ngeni kwetu. Nenda Peramiho, kwa Wabenedikto waliofika mwaka 1898. Kengele ya abasia ikilia, aliyeko karakana anaweka chombo chini. Kanuni yao ya karne ya 6 inataka hivyo, kwamba mtawa aache kilichoko mkononi mara asikiapo ishara. Mtawa haulizwi kama leo ana moyo wa kusali. Hapa mjini, muadhini akiinua sauti, nawaona wafanyabiashara wakifunika bidhaa zao kwa turubai na kwenda. Kengele na adhana ni "niki-" ya jamii nzima, na zimedumu kuliko hamasa ya mhubiri yeyote.

Wazee wenzangu watakumbuka pia ahadi za mwana-TANU, tulizozitamka tukiwa tumesimama. Zilikuwa kauli za nafsi ya kwanza: kwamba mtu atasema kweli daima, kwamba cheo ni dhamana naye hatakitumia kwa faida yake. Nazipenda hadi leo, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini ziliwashika baadhi yetu na kuwapita wengine midomoni tu. Maoni yangu ni kwamba zilimshika yule aliyezitafsiri hadi kwenye meza yake: nikiletewa bahasha, naiacha mezani na kumwita mwenzangu ashuhudie. Aliyebaki na "nitasema kweli daima" bila kuijua siku wala chumba ambamo uongo utamtembelea, alikutwa hana silaha.

Kwa hiyo nilipompata tena kijana wangu kijiweni, sikumwambia aache kioo. Nilimuuliza pesa inamponyokea wapi. Akafikiri, akasema: "Jioni, mwalimu. Nikishazima pikipiki tu, washkaji wanaita, naenda kwanza kula na kunywa, hesabu ya bosi naitoa kwenye kinachobaki." Basi kauli tukaitunga pale pale, yeye akichagua maneno na mimi nikisikiliza: nikizima pikipiki, kabla sijavua kofia natuma hesabu kwa simu. Nilimwomba asiongeze neno kuhusu utajiri. Kofia ngumu ikiwa bado kichwani, hakuna mshkaji atakayemwona ameshakaa.

Dada mmoja anayeuza dagaa wa Nyasa karibu yetu alikuwa akisikiliza. Akasema yeye yake ni ya zamani: akifunga genge, noti ya elfu mbili inaingia kwenye kibubu kabla hajagusa mkoba. Kibubu chake cha kwanza alikivunja ada ya mtoto ilipotakiwa, na ada ikatosha. Nikamuuliza kama hajawahi kukosa siku. Akanitazama kidogo. "Nimekosa, mwalimu. Mama alipougua nilikosa siku tisa. Siku ya kumi nilipokishika kile kibubu nililia, nikataka kukitupa."

Hakukitupa. Wiki ijayo nitaanza na hiyo siku yake ya kumi.