Rubani wa Satawal

Tarehe 1 Mei 1976, chombo cha matanga mawili kiitwacho Hokule'a kiliondoka kisiwa cha Maui, Hawaii, kikielekea Tahiti, safari ipatayo kilomita 4,000 katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kilikuwa ni mitumbwi miwili mirefu iliyofungamanishwa kwa boriti na kamba, kwa mfano wa vyombo vya kale vya Wapolinesia. Wasafiri walijinyima dira, saa na ramani. Chombo kingine kiliwafuata kwa ajili ya usalama, lakini hakikuruhusiwa kuwaelekeza njia. Rubani wao, kwa maana ya kale ya neno hilo, yaani aongozaye chombo baharini, alikuwa Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo mno cha Mikronesia. Tahiti hakuwa amepata kuiona. Tarehe 4 Juni waliingia Papeete, na maelfu ya watu walikuwa pwani wakiwangoja.

Yafaa ieleweke kwa nini safari hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka 1956 mwandishi wa New Zealand, Andrew Sharp, alitoa kitabu akidai kwamba watu wa kale wa Pasifiki hawakuweza kusafiri masafa marefu kwa kukusudia na kurudi. Kwamba visiwa vya mbali walivifikia kwa kupotea au kwa kusukumwa na pepo. Dai hilo lilikubaliwa na wengi waliokuwa wakisoma vitabu. Huko Satawal, wakati huo huo, watu walikuwa wakitweka matanga na kwenda visiwa vya jirani kama kawaida yao.

Elimu yenyewe si miujiza. Kila nyota huchomoza mahali pake pale pale mwaka mzima, na hutua mahali pake. Rubani huielekeza omo kwenye nyota iliyo chini. Ikipanda juu mno huiacha, akashika nyingine ichomozayo pale pale, na hivyo hivyo mpaka alfajiri. Mtoto wa Karolini hufundishwa nyota hizo kwa mawe yaliyopangwa duara juu ya mkeka. Kuhusu masafa, wao hukihesabu chombo kuwa kimesimama, na visiwa ndivyo vinavyopita. Rubani huchagua kisiwa kilicho ubavuni, ambacho hata hakionekani, na kadiri kinavyorudi nyuma kutoka chini ya nyota moja hadi nyingine ndivyo ajuavyo sehemu ya safari iliyokwisha. Mbingu zikifunga, hulitegemea wimbi kuu litokalo mbali, akilisikia kwa mwili wake jinsi linavyokiinua chombo. Akikaribia nchi kavu hutazama ndege: membe waliotoka kisiwani asubuhi kwenda kuvua hurejea jioni, nao hawakosei njia ya kwao. Katika kwenda Tahiti kulikuwa na mtihani zaidi, maana ukivuka Ikweta nyota ya jaa, ile ya kaskazini, huzama isionekane tena.

Elimu kama hii ilipotea vipi katika sehemu kubwa ya Pasifiki? Hapa tungependa maafisa wa serikali wasome kwa makini. Katika visiwa vya Karolini, watawala wa Kijerumani na baada yao Wajapani walizuia safari za mbali kwa vyombo vya asili. Baadaye zikaja meli na mashine, na vijana wakaona hakuna haja ya kuhesabu nyota.

Mau aliliona hilo kwao. Elimu hiyo ilikuwa siri ya ukoo, na baadhi ya wazee walimlaumu kwa kuwapa wageni. Hata hao wageni hawakumfurahisha: safari ya 1976 ilikuwa na ugomvi chomboni, naye alipofika Tahiti alikataa kurudi nao. Mwaka 1978 Hokule'a ilipinduka karibu na Molokai, na Eddie Aikau, aliyekwenda kutafuta msaada juu ya ubao wa kuogelea, hakuonekana tena. Baada ya msiba huo Mau alikubali kumfundisha kijana wa Hawaii, Nainoa Thompson, ambaye mwaka 1980 alikwenda Tahiti na kurudi bila dira. Mwaka 2007 Mau aliwavisha Thompson na Wahawaii wengine wanne daraja ya urubani huko huko Satawal. Alifariki Julai 2010. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka elimu ya Karolini ya kuongoza na kuunda vyombo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Habari hii haituhusu kwa mbali tu. Ngalawa yetu yenye mirengu kulia na kushoto wataalamu wengi huinasibisha na wale wale waliovuka Bahari ya Hindi wakaikalia Bukini, ambao ni jamaa wa mabaharia wa Pasifiki. Na sisi tunao wazee waijuao Kusi na Kaskazi, mikondo na miamba, majina ya nyota na majira yake. Afisa wa uvuvi ashukaye pwani kuandikisha vyombo huuliza urefu wa chombo, nguvu za mashine na jina la mwenyewe. Tunaomba aongeze swali moja, kwamba nahodha huyu anajua nini na amemfundisha nani, na jibu lake liandikwe katika daftari hilo hilo.