Nilijifunza Kuandika Mara Mbili

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Tulikuwa tukiandika insha. Aliweka kalamu yake chini, akasimama kwa adabu, akasema: "Mwalimu, kuandika kutanifaa nini? Kaka yangu hakumaliza hata darasa la tatu, lakini yuko machimboni, naye amekwisha nunua pikipiki. Wewe umesoma mpaka seminari, nawe unatembea kwa miguu."

Darasa zima likanyamaza, wakingoja nikasirike. Sikukasirika, kwa sababu mtoto alisema kweli. Nilimwambia aketi, nikamwahidi kwamba nitamjibu. Jibu lenyewe nimelitafuta siku nyingi, nami nalitoa hapa, kwa kuwa naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wazazi wengi pia wanalo, ila wanaona haya kulitamka.

Jina juu ya kibao

Mimi ni mtoto wa Kasugho, magharibi ya Lubero, mahali ambapo mashamba ya mihogo na maharagwe yanakutana na msitu mkubwa. Leo pana chuo kikuu hapa, ambapo vijana hujifunza namna ya kuuhifadhi msitu huo na wanyama wake. Utotoni mwangu hakikuwapo. Palikuwa na kanisa, soko, na shule ya kuta za udongo. Nilianza darasa la kwanza mwaka wa 1996, mwaka ule ule vita vilipowaka katika Kivu. Siku hizo wazazi ndio waliowabeba walimu kwa minervali, na mzigo huo ulidumu mpaka elimu ya shule za msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka wa 2019. Mama yangu alipeleka maharagwe sokoni mgongoni, kamba ikimbana kipaji cha uso, ili jina langu lisifutwe katika daftari la shule.

Na neno la kwanza nililoandika lilikuwa jina hilo. Nililiandika kwa chaki juu ya kibao, herufi zikipanda na kushuka kama njia zetu za milimani. Mwalimu alilitazama, akacheka kidogo, akauliza: "Yupi?"

Mgeni hatafahamu swali hilo mpaka aelezwe. Kwetu sisi Wanande, jina la mtoto laonyesha nafasi yake kati ya ndugu zake. Muhindo ni mvulana aliyezaliwa baada ya wasichana. Kahindo ni msichana aliyezaliwa baada ya wavulana. Basi majina hayo yamejaa kila kijiji, na darasani mwetu watoto wanne walikuwa na jina langu. Mwalimu aliniagiza niongeze jina la ubatizo na jina la baba. Nilipomaliza, kibao kilikuwa kimejaa.

Jioni nilimwonyesha mama. Yeye hakujua kusoma. Alipitisha kidole juu ya herufi bila kuzigusa, asije akazifuta, akauliza: "Hapa ndipo ulipo?" Nikamwambia, ndiyo. Akakiweka kibao juu ya kisanduku chake cha nguo, na usiku ule hakutaka mtu akiguse.

Hivyo nilijifunza kuandika mara ya kwanza. Lakini swali la mwalimu lilibaki nami kwa miaka mingi: Yupi? Kati ya wote wenye jina lako, wewe ni nani, nawe umekuja duniani kufanya nini?

Maneno makubwa

Baadaye nilipelekwa seminari ndogo. Humo nilijifunza Kilatini na Kifaransa, na namna ya kupanga insha. Walezi wetu walitufundisha vema; kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe. Nilipenda mno kusifiwa. Nilikusanya maneno makubwa kama mtu akusanyavyo vitambaa vya rangi, nami niliyashona katika kila karatasi, yakistahili au yasistahili. Wenzangu walipouliza maana ya neno nililoandika, nilifurahi kuliko kama wangelifahamu.

Baada ya masomo ya falsafa, niliona pamoja na walezi wangu kwamba wito wangu si upadri. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini uliniuma. Nilirudi Kasugho mwaka wa 2013 na sanduku la vitabu, nikapewa darasa la kufundisha. Nilikuwa kama mtu aliyefunga mizigo yake tayari, kisha akaambiwa kwamba gari limekwisha ondoka. Watu waliniamkia vizuri, lakini nilidhani nasikia chini ya salamu zao: huyu ndiye aliyeshindwa.

Usiku niliwasha taa, nikaandika daftarini. Siku nyingine niliandika kurasa tano juu ya maisha na kifo na uchungu wa moyo. Asubuhi nilipozisoma, maneno yalikuwapo, lakini mtu hakuwamo. Sikuandika kwa ajili ya yeyote. Ndipo nikaanza kuuliza, si katika insha bali kwa hofu ya kweli, kama maisha yangu yana maana yoyote.

Mbuzi wa mama mjane

Siku moja mama mmoja mjane wa jirani alinijia na karatasi aliyoinunua sokoni. Mwanawe alikuwa katika machimbo ya dhahabu upande wa Manguredjipa, mahali ambapo simu haikushika. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa anakwenda huko. "Mwanangu mwalimu," akasema, "niandikie."

Kisha akaniambia maneno yake. Mbuzi amezaa wawili, na mmoja ni wa mwanawe. Paa linavuja upande wa kitanda. Mguu unamwuma, lakini bado anafika kanisani. Aje kabla ya mvua kubwa. Basi.

Niliona maneno hayo ni maskini mno kwa kalamu yangu. Niliandika kwamba moyo wa mama umegeuka bahari ya huzuni, na mama huyu hajaiona bahari hata siku moja. Niliandika juu ya machozi yatiririkayo usiku na mchana, na juu ya deni la fadhila lisilolipika. Mbuzi nilimwacha. Nikaikunja karatasi, nikaona nimemfanyia mama kazi kubwa.

Mwezi ukapita. Mvua ikaanza. Mama akalala na beseni kando ya kitanda, akiamka usiku kumwaga maji. Mwana hakuja. Mwisho dereva alirudi na karatasi ile ile. Mwana alisomewa na mwenzake machimboni, akasema: "Mama yangu hasemi hivi. Mtu anatumia jina lake ili nitoe fedha." Akairudisha.

Mama alinijia nayo, hakugomba. Alisema tu: "Nisomee nilichosema." Nilimsomea, na sauti yangu ikazidi kupungua kwa kila mstari. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama, kisha akauliza: "Mwanangu, maneno ni mazuri. Lakini mbuzi wangu yuko wapi?"

Wasomaji wapendwa, nimefanyiwa mitihani mingi mbele ya walimu wenye elimu kubwa. Hakuna swali lililonishinda kama lile.

Nilichukua karatasi nyingine. Safari hii nilimwomba aseme, nami nikaandika kama alivyosema, pamoja na mbuzi, na paa, na mguu. Barua ilikuwa na mistari minane. Baada ya majuma mawili mwana alifika kwa pikipiki, na mabati manne yamefungwa nyuma. Alinipa mkono akasema: "Walipofika penye mbuzi, nilijua ni mama."

Hivyo nilijifunza kuandika mara ya pili.

Waliotutangulia

Tangu hapo nimewatazama kwa macho mengine watu wa Kanisa walioshika kalamu. Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno katika Karthago, Roma na Milano. Alijua kusema hata watu wastaajabu, wala moyo wake haukutulia. Baada ya kubatizwa mwaka wa 387, aliporudi Afrika na kufanywa askofu, aliandika kitabu cha Maungamo, ambamo amweleza Mungu hata wizi wa matunda alioufanya ujanani. Mapadri Waasumpsio, waliofika katika nchi yetu mwaka wa 1929, wanafuata kanuni ya mtakatifu huyo. Hivyo tangu mwanzo shule zetu zilikuwa karibu na mtu aliyejua kwamba ufasaha pasipo ukweli haushibishi.

Tena twaye wa karibu zaidi, Askofu Emmanuel Kataliko. Alizaliwa mwaka wa 1932, akaliongoza jimbo letu tangu 1966 mpaka 1997, alipofanywa Askofu Mkuu wa Bukavu, mji uliokuwa umempoteza Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Oktoba 1996. Kwa Noeli ya mwaka wa 1999 aliwaandikia waamini wake barua. Alitaja mateso yao waziwazi: mali iliyoporwa na heshima ya watu iliyokanyagwa, na wageni na ndugu Wakongo walioshirikiana nao. Tena aliwaita Wakristu wasikate tamaa. Hayo wote waliyajua. Yeye aliyaandika na kutia sahihi yake chini.

Februari 2000 wakuu wa chama cha RCD, waliotawala Bukavu wakati ule, walimzuia kurudi kwenye kiti chake. Alikaa Butembo karibu miezi saba, mpaka waliporuhusu arudi Septemba. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule alifariki huko Italia. Nilikuwa mtoto, sikufahamu jinsi karatasi iwezavyo kuwatia hofu watu wenye bunduki. Sasa nafahamu. Aliandika maneno ya watu wake kama walivyoyasema, naye hakumwacha mbuzi wa mtu.

Jumapili alasiri

Mama yule mjane hakuridhika na barua yake moja. "Siku utakapohama, nani ataniandikia?" aliuliza. Kwa hiyo tulianza, yeye na mama wengine watano, kukutana Jumapili alasiri baada ya Misa. Mikono iliyozoea jembe huishika chaki kwa nguvu mno, na chaki huvunjika. Wengine waliacha, wakarudi, wakaacha tena. Yeye alitumia mwaka mzima mpaka akaweza kuandika jina lake bila kutazama mfano. Siku ile alikaa kimya mbele ya kibao, kama mama yangu zamani.

Msinielewe vibaya. Kuandika hakukunitajirisha, bado natembea kwa miguu, na mwisho wa mwezi huniona nikihesabu. Wala sisemi kwamba kazi ya mikono ni duni, maana kaka wa mwanafunzi wangu analisha watu kwa jasho lake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mchimbaji asiyejua kusoma huandikiwa deni asilolijua. Hiyo ni faida moja, nayo si ndogo. Lakini kuna nyingine iliyo kubwa zaidi. Nilitafuta maana ya maisha yangu ndani ya daftari langu usiku, sikuiona. Niliikuta katika paa la mtu mwingine lililokuwa likivuja.

Nanyi wanafunzi, nawapa mashauri machache. Kabla ya kuandika, ulizeni: ni nani anayengoja maneno haya? Andikeni neno mnalolifahamu, si lile mnalotaka kusifiwa nalo. Mkimwandikia mwingine, msomeeni mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Na mkikosea, andikeni upya bila haya.

Injili ya Mtakatifu Yohane yatuonyesha Yezu akiandika kwa kidole, chini ardhini, siku walipomletea mwanamke ili wampige mawe. Hatukuambiwa aliandika nini. Twajua tu kwamba mwanamke yule alikwenda zake akiwa hai.

Jumapili iliyopita nilimwomba yule mwanafunzi wa darasa la sita aje anisaidie kuwafundisha mama zetu. Alikuja, akaketi karibu na mama mjane, akamshika mkono kumwongoza katika herufi. Baada ya kitambo mama alimwuliza habari za nyumbani kwao, naye akamwambia juu ya kaka yake na pikipiki.

"Vizuri," akasema mama. "Na mama yako, hupata habari zake?"

"Tangu Pasaka hatujapata neno, Mama."

Mama hakuongeza kitu. Alifuta kibao kwa kiganja, akaanza herufi yake upya. Kijana alimtazama kwa muda, halafu akaniomba karatasi.