MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: HOSPITALI INAYOMFUATA MZEE NYUMBANI

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siku zote nilidhani methali hii ni ya kuku anayechinjwa mgeni akibisha hodi. Kumbe ziko nchi ambako mgeni ni daktari, mwenyeji ni mzee mgonjwa, na matibabu yanafanyika papo hapo chumbani mwake!

Kilichonifanya nishike kalamu ni nyanya yangu. Likizo ya Agosti alishikwa na nimonia, tukamkimbiza hospitalini kwa matatu. Dawa zilifanya kazi barabara, homa ikashuka. Lakini usiku wa pili alianza kuweweseka. Alimwita sista kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akataka kuchomoa dripu akidai ng'ombe hawajakamuliwa. Huyu ni mtu anayejua majina ya wajukuu wake wote kumi na wanane! Alirudi nyumbani baada ya siku tisa, mapafu mazima, lakini miguu haikuweza kumfikisha hata kwenye kibanda cha kuku. Nikajiuliza: inakuwaje mtu apone na wakati uo huo adhoofike?

Nilipomuuliza mwalimu wetu wa Biolojia, alinieleza kwamba jambo hili huwapata wazee wengi. Mzee akiugua ghafla, ubongo wake huwa tayari umelemewa. Ukimwongezea kitanda kigeni, taa za usiku kucha, kelele, usingizi haba na miwani iliyosahaulika nyumbani, anachanganyikiwa. Akilala kitandani mchana kutwa, misuli yake hunyong'onyea upesi. Isitoshe, wodini anaweza kuambukizwa maradhi mengine.

Madaktari wa Marekani nao waliyaona hayo hayo. Katika mji wa Baltimore, daktari wa wazee aitwaye Bruce Leff wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikuwa na wagonjwa waliokataa katakata kwenda hospitalini hata walipozidiwa. Miaka ya 1990, yeye na wenzake wakaanza kujaribu mpango walioupa jina la hospitali nyumbani.

Je, mpango huu unafanywaje? Kwanza, mzee anapimwa kikamilifu na daktari. Ni lazima awe mgonjwa wa kulazwa kweli, si wa mafua tu, lakini asiwe mahututi wala wa kupasuliwa. Pili, nyumba inakaguliwa: je, ni salama, ina maji na umeme? Akikubali mwenyewe, anapelekwa kwake na vifaa vinamfuata: oksijeni, dripu, dawa za mishipani. Daktari humwona kila siku. Wauguzi huja kumpima presha, kumdunga sindano na kutoa damu ya kupeleka maabara. Hata eksirei ya kubebeka huletwa. Usiku wa manane akizidiwa, iko nambari ya simu ya kupiga. Akipata nafuu anaruhusiwa, ijapokuwa hakuondoka kwake!

Matokeo yake? Mwaka 2005 Leff na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 455 waliougua nimonia, moyo kushindwa kusukuma damu, ugonjwa sugu wa mapafu au maambukizi ya ngozi. Waliotibiwa nyumbani walimaliza matibabu kwa wastani wa siku 3.2, wa hospitalini siku 4.9. Gharama ilikuwa dola 5,081 badala ya dola 7,480. Tena, waliochanganyikiwa kama nyanya yangu walikuwa wachache zaidi nyumbani. Kisha Novemba 2020, wakati wa Korona, serikali ya Marekani iliruhusu hospitali zilizoidhinishwa kulipwa na bima ya wazee kwa kazi hii.

Nilipoyasimulia haya nyumbani, mjomba alirukia: "Basi akiugua tena tumwache papa hapa!" La hasha! Nilimwambia kwa heshima, "Mjomba, bila oksijeni, bila daktari wa kila siku, huko ni kumtelekeza mgonjwa." Huduma kama hiyo haijafika kijijini kwetu. Mzee akipumua kwa shida au akichanganyikiwa ghafla, mpeleke hospitalini upesi.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo sisi wajukuu tunaweza kuyafanya huko wodini bila kungoja vifaa vya Marekani. Tumpelekee miwani yake. Tumkumbushe leo ni siku gani na yuko wapi. Tumpe maji na chakula ikiwa daktari hajakataza. Tuzungumze naye kwa lugha yake. Sista akikubali, tumshike mkono atembee hatua chache. Usiku tumwache alale. Yaani, ikiwa hospitali haiwezi kumfuata nyumbani, basi nyumba kidogo imfuate hospitalini.

Nyanya sasa anajambo. Juma lililopita alinipigia simu kuniambia kwamba amekwenda kibandani mwenyewe kwa mkongojo, akaokota mayai manne. Majina ya wajukuu nayo ameyataja yote, bila kumruka hata mmoja.