Wamongolia wa Kompyuta: Wapunguzwe Jeshi au Malisho?

Katika michezo ya kompyuta inayoigiza vita vya kale, umo uitwao Medieval II: Total War, uliotengenezwa na kampuni ya Creative Assembly na kutolewa mwaka 2006. Mchezaji hutwaa dola, tuseme Misri, akajenga miji, akatoza kodi na kuandika askari. Pindi akianza kustarehe, Wamongolia wanamtokea kutoka mashariki, jeshi nyuma ya jeshi, wote wakiendeshwa na kompyuta. Baadaye huja watu wa Timur na ndovu wenye mizinga migongoni.

Vijana ninaowajua hulalamika kuwa hiyo si haki. Wao kila askari wamemgharimia. Adui ameshushwa tu, tayari kamili. Basi walio mafundi hufungua mafaili ya mchezo wakayapunguza majeshi yale.

Hapo ndipo ninapotengana nao. Mwaka 1258 Hulagu aliiteka Baghdad, na Khalifa al-Musta'sim akauawa. Adui yule hakuwa mdogo. Tukimfanya mdogo leo ili tujione wakubwa, tutakuwa tumejifunza nini?

Lakini wala hakuwa adui asiyeshindika. Mwaka 1259 alifariki Möngke, Khan Mkuu, nduguye Hulagu. Hulagu akaondoka Sham na sehemu kubwa ya jeshi lake. Na wako wanahistoria wasemao kuwa hata malisho ya nchi ile hayangewatosha farasi wake wote. Akamwacha Kitbuqa na kikosi kidogo. Septemba 1260, huko Ain Jalut katika Palestina, Sultani Qutuz na amiri wake Baybars wakakivunja kikosi kile.

Kwa hivyo, rai yangu ni hii: idadi yao iachwe, ila wapewe shida za wanadamu. Farasi wao wahitaji majani na maji. Jeshi likikaa mno mbali na kwao, lidhoofike. Khan akifa, wakuu wake wagombanie kiti. Hapo mchezaji atapata mlango, naye itambidi angoje, apeleleze, kisha apige kwa wakati wake, kama walivyofanya watu wa Misri.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema usimchunguze anapopita.